Taa Zinazowaka Mchana Zinamlazimisha Nani?

"Shikamoo fundi. Naomba unizimie hizi taa, zimegoma."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mwalimu wa sekondari, na gari la Kijapani la mwaka 2018 lililotoka bandarini wiki mbili tu kabla. Tangu Kibaha mpaka gereji kwangu vijana wa bodaboda walikuwa wakimfumbia na kumfumbulia vidole: dada, umesahau taa. Dereva wa daladala akampigia honi na kumwonyesha ishara ileile. Akawa anaizungusha swichi huku na huku, na ile mistari miwili ya mwanga mweupe mbele ya gari ikabaki palepale. Alipofika kwangu alishaamini kwamba betri itamfia njiani.

"Marahaba, mwalimu. Hazijagoma. Zimetengenezwa ziwake hivyo."

Siwalaumu waliomwonyesha vidole. Kwetu taa ikiwaka jua la utosi ina habari yake: msafara wa kiongozi, gari la wagonjwa, msiba unaokwenda makaburini, au dereva aliyesahau. Kumkumbusha aliyesahau ni utu. Ila sasa barabara zetu zina magari yenye taa za aina nyingine kabisa, taa za mchana, na kila wiki naombwa nizikate waya. Sizikati, na nataka nieleze kwa nini.

Taa kubwa, iwe dimu au fulu, kazi yake ni kukumulikia njia. Ndiyo maana dimu inainamishwa chini, iangukie lami na isimchome macho anayekuja. Taa ya mchana haikumulikii chochote. Inatupa mwanga wake mbele usawa wa macho ya watu na kuutawanya pembeni, ili mwenye gari lingine, mwenye baiskeli au mtoto anayetaka kuvuka akuone mapema. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 87, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inataka kila taa itoe mwanga usiopungua kandela 400 na usiozidi 1,200. Unatosha kuvuta jicho mchana, ila usiku hauwezi kukuendesha.

Kuhusu betri, mwalimu alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimpa mkononi balbu ya H4, ile ya kioo yenye miguu mitatu, asome maandishi kwenye kitako chake: 60/55W. Dimu mbili ni wati 110, na ukiongeza taa za nyuma na ya namba unazidi hapo. Taa za mchana za LED, zote mbili pamoja, kwa kawaida hazifiki hata robo ya hizo. Zinawaka injini ikiwaka, kwa hiyo alteneta ndiyo inayozilisha. Ukiwasha taa kubwa zinazimika zenyewe, au zinafifia na kuwa taa za paki. Na katika magari mengi ukipiga indiketa, taa ya mchana ya upande huo hufifia au kuzima mpaka umalize kukata kona, kwa sababu indiketa iliyokaa ubavuni mwa taa kali haionekani vizuri. Wapo walioniletea gari wakidai taa moja "inakatakata". Wengine walishauziwa taa nzima mpya kwa ajili hiyo.

Faida yake utaiona kwenye barabara ya njia mbili, ile ya kupishana. Chukua Chalinze kwenda Segera. Upo nyuma ya lori, unataka kulipita. Wewe unakwenda kilomita 80 kwa saa, anayekuja naye 80. Hiyo ni mita 22 kila sekunde kwa kila mmoja, yaani mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Kulipita lori refu kunaweza kuchukua sekunde kumi. Basi kabla hujatoa pua ya gari ulipaswa kuwa umemwona anayekuja akiwa karibu nusu kilomita mbele. Sasa mweke huyo ndani ya gari la kijivu, rangi ya lami yenyewe, saa nane mchana, mazigazi yanachezacheza barabarani, au mweke chini ya kivuli cha miembe. Gari lipo, jicho linapita juu yake. Nukta mbili nyeupe ndizo zinazolizuia jicho lisipite.

Walioanza mambo haya ni watu wa kaskazini ya mbali, ambako majira ya baridi jua halipandi na mchana wenyewe ni kama magharibi ndefu. Finland ilianza kuwataka madereva wawashe taa mchana mwaka 1972, wakati wa baridi, kwenye barabara za nje ya miji. Sweden ikaenda mbali zaidi: kuanzia tarehe 1 Oktoba 1977, kila dereva, mwaka mzima, usiku na mchana. Hiyo ni sheria inayomshika dereva. Usipowasha, kosa ni lako.

Kuna sheria ya aina ya pili, na ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu inakishika kiwanda. Canada ilidai taa za mchana kwenye magari mapya yaliyotengenezwa kuanzia Desemba 1989. Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba kuanzia tarehe 7 Februari 2011 kila aina mpya ya gari dogo inayoidhinishwa kuuzwa iwe nazo, na malori na mabasi yakafuata Agosti 2012. Mwenye gari la mwaka 2005 kule Uingereza hakuambiwa azifunge. Masharti hayo yanaishia kwa anayeunda na kuuza gari jipya, na wala hayapandi meli pamoja na gari lililotumika kuja Dar es Salaam au Mombasa.

Na meli zetu nyingi hutoka Japan, ambako hadithi ni nyingine. Mpaka Oktoba 2016 kanuni za Japan hazikuitambua taa ya mchana. Taa ya ziada ya mbele ilibanwa isizidi kandela 300, hivyo magari ya Ulaya yaliyouzwa kule yalizimiwa taa zake za mchana kwenye kompyuta ya gari, au taa hizo zikafifishwa. Ndiyo maana gari la Kijerumani lililopitia Japan linaweza kuwa na taa hizo, nzima kabisa, na zisiwake hata siku moja. Na ndiyo maana gari lako la mwaka 2008 halina, wakati pacha wake aliyeuzwa Ulaya baadaye anazo. Hilo si gari bovu, wala mwenyewe hahitaji kukimbilia duka la spea kwa sababu ya amri iliyotolewa Brussels.

Jambo jingine linakuja kutoka hukohuko. Tangu Aprili 2020 aina mpya za magari madogo Japan lazima ziwe na taa kubwa zinazojiwasha giza linapoingia, na dereva hana uwezo wa kuzizima gari likiwa kwenye mwendo. Magari hayo yatatufikia yakishatumika, na madereva wengi zaidi watafumbiwa vidole.

Je, zinaokoa watu kweli? Hapa wataalamu hawajakubaliana, na mimi sitajifanya wamekubaliana. Marekani imeziruhusu tangu 1993, General Motors ikaanza kuzifunga kwenye magari yake ya mwaka 1995, lakini serikali haijawahi kuzilazimisha. Mwaka 2008 mamlaka yake ya usalama barabarani, NHTSA, ilitoa utafiti ambao kwa ujumla haukuona tofauti ya maana katika ajali. Austria iliwalazimisha madereva kuwasha taa mchana mwishoni mwa 2005, kisha ikaifuta sheria hiyo kuanzia Januari 2008. Moja ya hoja zilizosikika ni kwamba magari yote yakiwaka, mwenye pikipiki na mtembea kwa miguu wanamezwa.

Hoja hiyo naiheshimu sana. Pikipiki ni nyembamba, na ukiiona kwa mbele huwezi kukisia kasi yake. Malaysia iliwataka wenye pikipiki wawashe taa mchana tangu 1992, na India imeagiza pikipiki mpya kuanzia Aprili 2017 ziwe na taa inayowaka yenyewe injini ikiwaka. Bodaboda zetu nyingi ni za India. Ukikutana na kijana wa bodaboda taa yake inawaka saa sita mchana, tafadhali mwache. Kama ningeambiwa nichague nani awashe kwanza kwenye barabara zetu, ningemchagua huyo. Kwa gari, jua letu ni kali kuliko la Sweden, na mjini kwenye foleni faida yake ni ndogo. Kwenye barabara kuu ya kupishana, kwenye ukungu wa Kitonga na mvua za masika, mimi natembea na taa, iwe ya mchana au dimu.

Kuna wanaotaka kuzifunga kwenye gari lisilo nazo. Inawezekana. Tafuta taa yenye herufi RL kwenye kioo chake pamoja na E ndani ya duara, alama ya kwamba imepimwa kwa kanuni niliyoitaja. Rangi iwe nyeupe. Fundi aipitishe kwenye rilei na fyuzi, iwake na kuzimika pamoja na injini. Niliwahi kuletewa gari ambalo waya wa taa kama hizo ulitolewa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, ukapita juu ya ukingo wa bati nyuma ya bampa. Barabara ya vumbi iliusugua mpaka ganda likaisha. Nilikuta waya zote za upande wa kushoto zimegandana kuwa donge moja jeusi, na harufu ya plastiki iliyoungua haikutoka ndani ya gari kwa muda mrefu.

Lakini kinachoniogopesha kuliko hayo yote kipo nyuma. Nilimwomba mwalimu awashe gari, asiguse swichi, kisha nikazunguka naye mpaka nyuma ya buti. Hakuna kilichowaka. Katika magari mengi taa za mchana ni za mbele tu. Jioni ya saa kumi na mbili na nusu, mvua inanyesha, dereva anaona mwanga mweupe mbele yake ukirudi kutoka kwenye gari analolifuata, dashibodi inang'aa kama kawaida, anaamini amewasha taa. Basi linalomfuata linaona giza. Canada, iliyozilazimisha mapema, ilibidi irekebishe kanuni yake: magari mapya yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2021 ama yawashe na taa za nyuma pamoja na zile za mchana, ama yajiwashe taa zote gizani, ama dashibodi ibaki giza mpaka dereva awashe mwenyewe.

Gari la mwalimu lilikuwa na AUTO kwenye swichi, ila hakuwa ameitumia. Nikaiweka hapo. Kisha nikamwonyesha kitufe kidogo cheusi juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kinachopima mwanga. Alikuwa amekifunika kwa kitambaa cha dashibodi alichoshonewa na dada yake, na kwa kitambaa kile gari lingedhani ni usiku saa zote. Tukakikunja pembe. Nikamwambia abaki nyuma ya gari, mimi nikaingia ndani na kukifunika kile kitufe kwa kiganja. Zikapita sekunde mbili tatu.

"Zimewaka fundi! Zote mbili, nyekundu!"