Theluji Iuayo Katika Milima ya Uswisi

Katika majira ya baridi ya 1950 hadi 1951, watu 98 waliuawa nchini Uswisi na theluji iliyoporomoka kutoka milimani. Mji wa Andermatt ulikuwa miongoni mwa mahali palipopigwa vibaya. Siku hizi wengi wanaokufa huko si watu waliolala majumbani mwao, bali ni wapandaji wa milima na wale watelezao kwa mbao miguuni, na mara nyingi wao wenyewe ndio huiporomosha theluji kwa uzito wao.

Jambo hilo huwezekanaje? Theluji haianguki yote kwa siku moja. Hulala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa, na kila tabaka lina tabia yake. Usiku wa baridi kali usio na mawingu, chembe za barafu humea juu ya theluji kama manyoya. Nyingine, zilizo karibu na ardhi, hugeuka zikawa kama sukari isiyoshikana. Kisha upepo huleta theluji nzito ikaifunika ile dhaifu. Kwa macho, mteremko ni mzuri. Mtu akikanyaga, tabaka dhaifu huvunjika, ufa hukimbia upesi kuliko yeye, na bamba zima huteremka.

Kwa hiyo ajuaye kazi hii hutazama kwanza mteremko. Chini ya nyuzi 30 bamba huporomoka kwa nadra. Lakini bonde lililo chini ya mteremko mkali si salama hata kidogo. Halafu huchimba shimo, hukata nguzo ya theluji ya sentimeta 30 kila upande, huweka koleo juu yake na kuipiga: mara 10 kwa kiganja, mara 10 kwa nguvu ya kiwiko, mara 10 kwa nguvu ya bega. Nguzo ikikatika mapema na kuteleza ghafla, hatari ipo. Isipokatika, asijidanganye, maana hatua chache mbele theluji yaweza kuwa nyingine kabisa. Na akisikia mlio mzito chini ya miguu, au akiona nyufa zikikimbia mbele yake, hahitaji shimo, hurudi.

Taasisi ya theluji iliyoko Davos hutangaza hatari kwa daraja tano. La ajabu ni kwamba wengi hufa siku za daraja la tatu, si la tano, kwa kuwa siku za daraja la tano watu hukaa nyumbani.

Aliyefukiwa akitolewa katika dakika 10 za kwanza, kwa kawaida huishi. Baada ya nusu saa ni wachache. Ndiyo sababu kila mmoja huchukua chombo kidogo cha redio, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Nao huvuka mmoja mmoja, ili wabaki wa kuchimba.