Deadhead

Deadhead (wingi: Deadheads) ni jina wanalojiita mashabiki wa Grateful Dead, bendi ya muziki wa roki iliyoanzishwa mwaka 1965 katika jimbo la California, Marekani. Wanajulikana hasa kwa mambo mawili: kuifuata bendi kutoka mji hadi mji wakati wa ziara zake, na kusimuliana, kuandika na kurekodi yaliyotokea katika kila onyesho. Bendi ilipiga takriban maonyesho 2,300 hadi ilipovunjika mwaka 1995. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya hiari ya mashabiki hao iliyofanya mtu wa leo aweze kujua ni nyimbo zipi zilipigwa usiku fulani, kwa mfuatano upi, na mara nyingi kuzisikiliza pia.

Jina

Mwaka 1971 bendi ilitoa albamu ya nyimbo zilizorekodiwa jukwaani. Ndani ya jalada lake kulikuwa na tangazo fupi lililowaomba mashabiki wajitambulishe na kutuma anwani zao kwa barua ili wapate habari. Maelfu waliitikia. Orodha hiyo ya anwani ikawa mali kubwa ya bendi: kupitia kwayo walitumiwa majarida madogo yenye tarehe za ziara, habari za wanamuziki na hata hesabu za gharama za mitambo. Kuanzia mwaka 1983 bendi ilikuwa na ofisi yake ya kuuza tiketi kwa njia ya posta. Mashabiki walizoea kupamba bahasha za maombi yao kwa michoro ya rangi, wakiamini kwamba bahasha nzuri huongeza bahati ya kupata tiketi. Nyingi za bahasha hizo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, pamoja na nyaraka nyingine za bendi.

Kwa nini onyesho moja halikutosha

Mtu asiyeujua muziki wa bendi hii huweza kushangaa kwa nini mtu mzima ahudhurie maonyesho kumi ya bendi ileile katika mwezi mmoja. Jibu liko katika namna walivyopiga. Grateful Dead hawakuwa na orodha ya nyimbo iliyopangwa kwa ziara nzima. Walikuwa na hazina ya nyimbo nyingi, wakachagua za usiku ule palepale, na wimbo uliopigwa jana kwa kawaida haukurudiwa leo. Zaidi ya hayo, walipiga kwa kubuni. Jerry Garcia kwenye gitaa, Bob Weir kwenye gitaa la pili, Phil Lesh kwenye besi na wapiga ngoma wao waliachana na wimbo, wakazunguka kwa dakika nyingi bila njia inayojulikana, kisha wakaibukia katika wimbo mwingine kabisa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Dark Star. Wimbo huo ulitoka mwaka 1968 kwenye sahani ndogo ukiwa na urefu usiofika dakika tatu, lakini katika albamu ya Live/Dead ya mwaka 1969 una zaidi ya dakika 23.

Basi swali la kwanza ambalo Deadhead alimuuliza mwenzake aliyetoka kwenye onyesho halikuwa kama lilikuwa zuri. Aliuliza, walipiga nini? Jibu lilikuwa na utaratibu wake. Msimulizi alitaja wimbo wa kufungua, akataja seti ya kwanza, kisha ya pili, na kueleza mahali ambapo wimbo mmoja ulimwagikia mwingine bila kusimama. Wanaoandika huweka alama ya mshale kati ya nyimbo hizo mbili, na mashabiki wamewahi kubishana miaka mingi iwapo mahali fulani panastahili mshale au la.

Nyimbo adimu zilikuwa na uzito wa pekee. Dark Star yenyewe ilipotea jukwaani kwa zaidi ya miaka mitano. Mnamo Oktoba 1989 bendi ilipiga siku mbili huko Hampton, Virginia, ikitumia jina lake la zamani, Warlocks, ili kukwepa msongamano, na tiketi ziliuzwa katika eneo hilo tu. Usiku wa pili, tarehe 9, Dark Star ukarudi. Waliokuwepo walilisimulia tukio hilo kwa miaka, na wasiokuwepo wakalisimulia karibu sawasawa nao, kwa sababu kanda ziliwafikia upesi.

Kanda na wenye kurekodi

Kurekodi kulianza ndani ya bendi yenyewe. Fundi wao wa awali, Owsley Stanley, aliyejulikana kama Bear, alinasa maonyesho ili wanamuziki wajisikilize na kurekebisha sauti. Mashabiki wakafuata kwa vinasa sauti vyao, mwanzoni kwa kificho. Mapema katika miaka ya 1970 yalitokea makundi ya kubadilishana kanda bila malipo, na mwaka 1974 mmojawapo lilizaa jarida la Relix, ambalo mwanzoni liliandika zaidi kuhusu kanda.

Bendi nyingi za wakati ule ziliwafukuza watu wa namna hiyo au kuwanyang'anya mashine. Grateful Dead waliwaacha. Msimamo wa Garcia, aliourudia katika mahojiano, ulikuwa kwamba bendi ikishamaliza kuupiga muziki, wasikilizaji wanaweza kuwa nao. Hata hivyo, uvumilivu huo ulileta tatizo la kawaida kabisa: misitu ya nguzo za maikrofoni mbele ya meza ya fundi wa sauti, naye haoni jukwaa. Mnamo Oktoba 1984, katika maonyesho ya Berkeley, California, bendi ilianza kutenga sehemu maalumu nyuma ya meza hiyo, yenye tiketi zake. Sharti lilikuwa moja: kanda zisiuzwe.

Hapo ndipo mfumo huu unapotofautiana na biashara ya kaseti iliyozoeleka Afrika Mashariki wakati huohuo, ambako mtu alikwenda kwenye duka la kudurufu, akachagua nyimbo na kulipia. Kati ya Deadheads mwuza kanda alidharauliwa. Asiye na kanda ya kubadilishana alituma kaseti tupu pamoja na stempu za kurudishia mzigo, na mwenye nayo akamnakilia bure. Kwa onyesho refu, kazi hiyo ilichukua jioni nzima, kwani kaseti zilinakiliwa kwa mwendo wa kawaida ili sauti isiharibike. Kila nakala ya nakala iliongeza mvumo, hivyo mwenye kanda alitakiwa kusema ukweli kuhusu kizazi chake: je, ilitoka moja kwa moja kwenye kanda ya kwanza, au imepita mikono sita?

Si kila kanda ilitoka kwa hadhira. Nyingine zilivuja kutoka kwa mafundi. Mashuhuri zaidi ni zile za Betty Cantor-Jackson, fundi aliyerekodi maonyesho mengi ya miaka ya 1970 kwa ustadi mkubwa. Alipokumbwa na shida za fedha, mali yake iliyokuwa katika ghala la kukodi ilipigwa mnada mwaka 1986, na mamia ya kanda zake yakaangukia mikononi mwa wanunuzi. Zilisafishwa, zikanakiliwa na kuenea kote nchini. Mashabiki walineemeka, mwenyewe alipoteza kazi ya mikono yake.

Kati ya kanda zake ni ile ya tarehe 8 Mei 1977, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, New York. Kwa miaka mingi mashabiki wameipigia kura kuwa onyesho bora kuliko yote. Mwaka 2011 ilichaguliwa kuingia katika orodha ya taifa ya rekodi za kuhifadhiwa inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2017 ilitolewa rasmi. Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Wanasema Mei 1977 nzima ilikuwa nzuri, kwamba onyesho la kesho yake huko Buffalo halina upungufu, na kwamba Cornell ilipata sifa kwa kuwa kanda yake ilikuwa safi na ilienea mapema. Hoja hiyo inahusu kumbukumbu yote ya bendi: onyesho lenye kanda mbovu, hata kama waliokuwepo walitoka wakilia kwa furaha, halina watetezi wengi leo.

Kuandika na kujadiliana

Orodha za nyimbo zilizokuwa zikiandikwa kwenye madaftari na vijibahasha zilikusanywa katika kitabu cha DeadBase, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1987 na kurudiwa mara kadhaa. Kilionyesha kila onyesho lililojulikana, mara ngapi kila wimbo ulipigwa na muda uliopita kati ya mara moja na nyingine, pamoja na maoni ya wasomaji kuhusu maonyesho waliyohudhuria. Maoni hayo hayafanani hata kidogo. Kuhusu usiku mmoja, mtu anaweza kuandika kwamba Garcia alipiga kama malaika, na mwingine aliyekaa upande wa pili wa ukumbi akaandika kwamba alikuwa amechoka na kusahau maneno.

Deadheads walikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza wasio wataalamu kutumia kompyuta kwa mazungumzo ya kila siku. Huduma ya The WELL, iliyoanza mwaka 1985 karibu na San Francisco, ilipata sehemu kubwa ya wateja wake wa mwanzo kwa sababu ya baraza la mashabiki hawa. John Perry Barlow, mtunzi wa maneno ya nyimbo za bendi, alikutana na ulimwengu huo humo, na mwaka 1990 akawa mmoja wa waanzilishi wa shirika la Electronic Frontier Foundation, linalotetea uhuru katika mtandao.

Maisha ya ziarani

Nje ya kila ukumbi, katika maegesho ya magari, palizuka soko lililoitwa Shakedown Street kwa jina la albamu ya mwaka 1978. Waliomo waliuza fulana, chakula na vito ili wapate mafuta ya gari hadi mji unaofuata. Asiye na tiketi alitembea akiwa ameinua kidole kimoja, ishara ya kuomba muujiza, yaani mtu wa kumpa tiketi ya bure. Mara nyingine muujiza ulitokea. Walanguzi wa tiketi nao walikuwepo.

Dawa za kulevya, hasa LSD, zilikuwa sehemu ya mazingira hayo tangu mwanzo, na wengi walifungwa kwa ajili yake. Kwa kujibu hali hiyo, mashabiki walioacha pombe na dawa waliunda kundi la Wharf Rats, ambalo lilikutana ukumbini wakati wa mapumziko chini ya baluni za manjano. Mashabiki viziwi pia walipata sehemu yao yenye wakalimani wa lugha ya ishara, na baadhi yao walishika baluni mikononi ili wahisi mtetemo wa besi. Mwaka 1989 mwanasosholojia Rebecca Adams aliwapeleka wanafunzi wake ziarani kuichunguza jamii hii.

Baadhi walisafiri mbali zaidi. Mnamo Septemba 1978 bendi ilipiga siku tatu kando ya mapiramidi ya Giza, Misri, ikimshirikisha Hamza El Din, mpiga udi Mnubi. Usiku wa mwisho ulisadifiana na kupatwa kwa mwezi, jambo ambalo hakuna masimulizi ya safari hiyo yanayoliacha.

Umati kupita kiasi

Mwaka 1987 wimbo wa Touch of Grey uliingia katika nyimbo kumi bora za Marekani, mara ya kwanza kwa bendi hiyo baada ya zaidi ya miaka ishirini. Umati ukaongezeka ghafla, na wengi wa waliokuja walivutiwa na maegesho kuliko muziki. Miji kadhaa ilikataa kuipokea bendi tena. Tarehe 2 Julai 1995, katika uwanja wa Deer Creek, Indiana, maelfu ya watu wasio na tiketi walivunja uzio na kuzamia, huku baadhi ya waliokuwa ndani wakiwashangilia. Usiku uleule kulikuwa na tishio la kumuua Garcia, na taa za ukumbi ziliachwa zikiwaka. Onyesho la kesho yake lilifutwa. Bendi iliwaandikia mashabiki barua kali ikiwaeleza kwamba wasio na tiketi wasije, na kwamba wakiendelea hivyo ziara zitakwisha.

Zilikwisha kwa njia nyingine. Onyesho la mwisho lilikuwa tarehe 9 Julai 1995 katika uwanja wa Soldier Field, Chicago. Garcia alifariki tarehe 9 Agosti, akiwa na umri wa miaka 53.

Baada ya mwaka 1995

Kaseti zilihamishiwa katika mafaili ya kompyuta, na maelfu ya maonyesho yakawekwa kwenye hifadhi ya Internet Archive ili kila mtu asikilize bure. Mnamo Novemba 2005 rekodi hizo ziliondolewa kwenye upakuaji kwa matakwa ya upande wa bendi. Mashabiki waliwaka, wakisema mali hiyo waliitunza wao kwa miaka thelathini. Ndani ya siku chache ilifikiwa nusu njia: rekodi za hadhira zirudi kupakuliwa, na zile zilizotoka kwenye meza ya mafundi zisikilizwe tu mtandaoni. Mpango huo umeendelea kutumika. Wanamuziki waliobaki walipiga kwa majina mbalimbali, likiwemo Dead & Company kuanzia mwaka 2015, na sehemu ya kusikiliza ya kila onyesho katika hifadhi hiyo ina maoni ya wasikilizaji.