Iache Kamera Itulie

Mtu akitaka kumpelekea mgonjwa, mzee au rafiki aliyechoka video ya mahali penye utulivu, mara nyingi huanza na kosa lile lile: anatafuta uzuri. Anatafuta maporomoko marefu, machweo mekundu, mnyama adimu. Anaizungusha simu huku na huku ili asiache kitu nje, anaunga vipande vya sekunde tano tano, kisha anaweka muziki juu yake. Anachopata ni video ya kupendeza isiyomtuliza mtu. Hoja ya makala haya ni kwamba video ya maumbile iliyotengenezwa nyumbani hutuliza kwa kukosa kwake haraka, wala haihitaji mandhari ya ajabu. Kwa hiyo mwenye simu ya kawaida na kijito cha kawaida anaweza kuitengeneza vizuri sana, mradi akubali kufanya machache.

Ushahidi wa jambo hili ulianzia hospitalini. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani, Roger Ulrich, alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa waliopasuliwa na kutolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania kati ya 1972 na 1981. Aliwalinganisha wagonjwa 23 ambao dirisha lao lilitazama miti na wengine 23 waliofanana nao, ila dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Idadi hiyo ni ndogo na haifai kubebeshwa mzigo mkubwa. Lakini mwaka 1991 Ulrich na wenzake walilijaribu wazo hilo kwa video zenyewe. Watu 120 walionyeshwa kwanza filamu ya kufadhaisha kuhusu ajali kazini, kisha dakika 10 za video: wengine ya miti, wengine ya maji, wengine ya barabara yenye magari au mtaa wenye wapita njia. Vipimo vya moyo, mkazo wa misuli na jasho la ngozi vilionyesha kwamba waliotazama miti na maji walirudi katika hali yao upesi na kwa ukamilifu zaidi. La kuzingatia ni aina ya video zilizotumika. Zilionyesha mazingira ya kila siku, pamoja na sauti zake, na zilirekodiwa kwa kanda za zamani ambazo ubora wa picha yake unazidiwa na simu nyingi zinazouzwa leo Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi.

Kwa nini basi ya kawaida ifanye kazi? Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, walitoa jibu katika kitabu chao cha mwaka 1989. Kwa maelezo yao, uangalifu wa binadamu ni wa namna mbili. Upo ule tunaoulazimisha, wa kupiga hesabu, kuendesha gari kwenye foleni, kujibu ujumbe mmoja baada ya mwingine. Huo huchoka, na ukichoka mtu hukasirika kwa jambo dogo na husahau alichokuwa akifanya. Upo na ule unaovutwa polepole bila amri, kwa mawingu yanayosogea, majani yanayotikisika au maji yanayopita juu ya mawe. Huu wa pili unapofanya kazi, ule wa kwanza hupumzika. Ukiyakubali maelezo hayo, nami naona yana nguvu, kanuni za kurekodi zinajitokeza zenyewe. Kila mkato katika video ni amri kwa jicho: tazama hapa, sasa pale, sasa kule. Video ya vipande vifupi, hata ikijaa misitu mitupu, inamfanyisha mtazamaji kazi ile ile aliyotaka kuitua. Anayehofu kwamba watu watachoshwa na picha isiyokatwa aangalie Norway, ambako shirika la utangazaji la NRK lilionyesha mwaka 2009 safari nzima ya treni kutoka Bergen hadi Oslo, zaidi ya saa saba, na mwaka 2011 safari ya meli ya saa 134 mfululizo kandokando ya pwani. Watazamaji walikuwa wengi kiasi kwamba shirika liliendelea kutengeneza vipindi vya namna hiyo.

Kwa hiyo kamera ikae mahali pamoja. Simu ilazwe kwa upana, iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, au iegemezwe kwenye mfuko mdogo wa mchanga juu ya jiwe, mawasiliano yazimwe ili simu isipigwe katikati, kisha iachwe irekodi kwa dakika kumi au zaidi bila kuguswa. Katika simu nyingi, ukibonyeza skrini na kushikilia, mwanga na ulengaji hufungwa hapo hapo. Usipofanya hivyo picha itang'aa na kufifia kila wingu likipita, na mtazamaji atausikia mkono wa mashine. Jua letu la karibu na ikweta hupanda haraka na saa sita linapiga wima, likifanya maji kuwa meupe na vivuli kuwa vyeusi tii. Afadhali kurekodi kati ya saa kumi na mbili unusu na saa mbili asubuhi, au saa kumi na moja jioni, kwani baada ya jua kutua huku kwetu giza halingojei mtu. Kuhusu cha kurekodi, tafuta mwendo unaojirudia bila kufanana kabisa: mvua juu ya migomba, makuti yanayopepea, kijito cha Amani kule Usambara, miti ya Kakamega ndege wanapoamka. Pwani kuna kitu ambacho sehemu nyingi za dunia zingekionea wivu, nacho ni maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mvuvi yeyote anajua siku za bamvua na siku za maji mafu, na anajua kwamba maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi kila siku. Mpiga picha akimuuliza, anaweza kufika kwenye mikoko ya Jozani au ya Mida saa moja na zaidi kabla maji hayajajaa. Hapo kamera isiyosogea itaona mizizi ikizama mmoja baada ya mwingine, na ndani ya nusu saa picha nzima itakuwa imebadilika bila kitu chochote ndani yake kwenda mbio. Sijui somo bora kuliko hilo kwa mwanzo. Upande wa nafasi, video ya 1080p hula takriban MB 60 hadi 130 kwa dakika kutegemea simu, hivyo dakika kumi zinaweza kufika GB 1.3, na ni heri kumpelekea mtu kwa flashi kuliko kuituma kwa WhatsApp, ambayo kwa kawaida huibana hadi majani yageuke madoa.

Sauti inastahili uangalifu kuliko picha, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Mwaka 2021 Rachel Buxton na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu sauti za maumbile na afya. Waliona kwamba sauti za maji ndizo zilizoongoza katika kuinua hali ya moyo, na sauti za ndege katika kupunguza msongo na kero. Adui wa sauti hizo ni upepo unaopiga kipaza sauti cha simu. Mwili wa mpiga picha, ukisimama upande upepo utokako, ni kinga nzuri, na kipande cha sifongo juu ya tundu la kipaza sauti husaidia. Wengine hutumia simu mbili, moja ya picha na nyingine ya sauti, iliyofichwa chini karibu na maji. Muziki usiongezwe, kwa sababu muziki una hisia zake na humwamuru msikilizaji ahuzunike au afurahi. Sauti za watu je? Nadhani jogoo wa mbali au adhana inayosikika kwa mbali haiharibu kitu, kwa kuwa ni sehemu ya mahali penyewe. Injini ya bodaboda ni jambo jingine.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote. Je, si skrini hizi hizi zilizotuchosha? Tena upo utafiti unaolitia nguvu pingamizi hilo. Mwaka 2008 Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha jaribio la watu 90. Wengine walikaa karibu na dirisha halisi lililotazama bustani, wengine mbele ya skrini kubwa iliyoonyesha mandhari ile ile kwa wakati huo huo, wengine mbele ya ukuta mtupu. Baada ya msongo mdogo, mapigo ya moyo yalitulia upesi zaidi kwa wenye dirisha. Wenye skrini hawakuwashinda wenye ukuta. Sioni njia ya kulikwepa tokeo hilo, na halifai kukwepwa. Mwenye miguu mizima na mti karibu na nyumba yake aende chini ya mti. Anayekaa Nairobi na anaweza kufika msitu wa Karura, aende Karura. Video isiwe kisingizio cha kukata miti wala cha kumfungia mtoto ndani.

Lakini tokeo hilo halisemi lolote kuhusu mtu asiye na dirisha la kuchagua. Ndiyo maana mfano wa gereza la Snake River huko Oregon una uzito. Wafungwa waliotengwa katika vyumba vyao karibu siku nzima waliruhusiwa kutazama video za maumbile katika chumba maalumu, mradi ulioshirikisha mwanaikolojia Nalini Nadkarni, na utafiti wa mwaka 2017 ulieleza kwamba makosa ya vurugu miongoni mwao yalikuwa pungufu kwa asilimia 26 kuliko kwa wale ambao hawakupewa nafasi hiyo. Hawa hawakuwa na msitu wa kwenda. Wala hana mgonjwa aliyevunjika nyonga, mlinzi wa zamu ya usiku anayelala mchana katika chumba kimoja Tandale, au mzee aliyezaliwa Unguja ambaye sasa anakaa Muscat na magoti yake hayampandishi ndege. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, na wengi wao hufungua dirisha wakakutana na ukuta wa jirani.

Wengine husema video kama hizi zimejaa intaneti, zenye picha safi kuliko yoyote tutakayotengeneza. Ni kweli, na anayetulizwa na ziwa la Canada asiliache. Ila picha hizo hazimjui mtazamaji. Mzee wa Muscat anajua mlio wa tetere na kunguru, anajua maji ya kusi yanavyopiga tofauti na ya kaskazi; akiletewa hayo, akili yake haina kitu cha kuuliza. Kumjua mtazamaji kunafanya kazi upande wa pili pia. Mwaka 2024 mafuriko yaliwatoa watu makwao Rufiji na katika sehemu nyingi za Kenya, na kwa aliyeyapitia, mto unaopanda hauwezi kudhaniwa kuwa ni faraja. Atengenezaye video kwa ajili ya mtu amuulize kwanza. Na mwenye huzuni isiyokoma kwa wiki nyingi apelekwe kwa daktari, kwa sababu hakuna kati ya tafiti hizi inayodai kuponya maradhi.

Limebaki pingamizi dogo: kwamba wagonjwa wenyewe hawataki kijito, wanataka tamthilia na mpira. Bila shaka wengi wanataka hivyo, na awekewe mpira anayetaka mpira. Runinga tayari ipo kwenye kuta za vyumba vingi vya kusubiria na wodi nyingi, na mara nyingi inalia taarifa za ajali tangu asubuhi bila mtu kuichagua. Flashi yenye saa moja ya mikoko ya jirani haimgharimu muuguzi zaidi ya kuichomeka. Ifae saa zile ambazo hakuna aliyeomba kitu: usiku wa manane, asubuhi ya kusubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, mchana wa pili baada ya kutoka.