Chachu ya jana, mkate wa leo: Namna ya kuoka focaccia bila kumwaga unga

Katika mji mdogo wa Minago, kwenye barabara inayofuata mwambao wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura kwenda Rumonge, vyakula vingi vina asili ya karibu. Muhogo hulimwa kwenye milima inayopanda nyuma ya mji, mawese hukamuliwa kutokana na michikichi ya ukanda huo, na ndagala huvuliwa ziwani usiku kwa mwanga wa taa. Unga wa ngano ni jambo jingine: hununuliwa dukani, na aghalabu umesafiri mbali kabla ya kufika huko.

Burundi hulima ngano katika nyanda zake za juu zenye baridi, lakini mavuno hayakidhi mahitaji, na nchi hulazimika kuagiza kutoka nje. Bei ya nafaka hiyo ilipopanda duniani baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, nchi zinazotegemea ngano ya kununua ziliumia. Nchini Burundi, uhaba wa fedha za kigeni na wa mafuta ya magari umezidisha ugumu huo.

Kwa sababu hiyo, swali lililoenea katika majiko ya dunia mwaka 2020, wakati mamilioni ya watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya janga la Uviko-19 na wengi wakajifunza kuoka mikate, lina uzito wake pia katika mwambao wa Rumonge: chachu inayobaki ifanyiwe nini badala ya kumwagwa?

Mojawapo ya majibu mepesi ni focaccia, mkate bapa wa mafuta wenye asili ya Italia. Hauhitaji ufundi mkubwa, hauhitaji chachu yenye nguvu nyingi, na, kwa atakayejua kupanga makaa, hauhitaji hata tanuri.

Chachu ni nini, na kwa nini hubaki?

Chachu ya asili ni mchanganyiko wa unga na maji ulioachwa uchachuke wenyewe. Ndani yake huishi viumbe wadogo wa aina mbili. Wa kwanza ni hamira za asili, ambazo hula sukari itokanayo na unga na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ndiyo inayouumua mkate. Wa pili ni bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, ambayo huupa mkate ladha ya ukakasi na kuuchelewesha kuota ukungu.

Utaratibu huu ni wa kale. Mwandishi wa Kirumi Plinio Mkubwa, katika karne ya kwanza, alieleza kwamba watu wa zama zake walikuwa wakiweka akiba sehemu ya donge la siku iliyotangulia ili kuumulia mkate mpya. Nchini Ethiopia, majimaji ya rangi ya manjano yanayojitenga juu ya uji wa injera, yaitwayo ersho, huhifadhiwa kwa kusudi hilohilo. Hamira ya dukani ilienea tu katika karne ya 19.

Tatizo la mabaki hutokana na hesabu. Chachu hufa njaa isipopewa unga mpya, na kawaida huongezewa unga na maji kwa uzito ulio sawa na wake. Mwenye gramu 50 za chachu akiongeza gramu 50 za unga na gramu 50 za maji, atakuwa na gramu 150. Kesho yake, kwa kipimo hichohicho, zitakuwa 450. Siku ya tatu 1,350. Siku ya nne zaidi ya kilo 4.

Ili kuepuka hali hiyo, mwokaji huacha gramu 50 na kuondoa gramu 100 kila siku. Nusu ya kinachoondolewa ni unga. Katika siku 10, kilo nzima ya chachu itakuwa imeondolewa, nayo ina nusu kilo ya unga. Kikimwagwa, ni sawa na kununua unga na kuutupa.

Uchachu si mgeni mwambaoni

Ingawa focaccia ni jina geni, elimu iliyo nyuma yake si ngeni kwa Warundi. Katika sehemu nyingi za nchi, muhogo mchungu humenywa na kulowekwa majini kwa siku kadhaa, aghalabu tatu hadi tano, mpaka ulainike. Kisha huanikwa juani na kutwangwa kuwa unga. Zao hilo huitwa ikivunde kwa Kirundi, na jirani zao wa Tanzania wana kivunde.

Humo pia hufanya kazi bakteria wa asidi ya laktiki, walio jamaa wa wale wa chachu ya ngano. Tofauti ni kwamba kwenye mkate huleta ladha, ilhali kwenye muhogo uchachu huo huokoa maisha, kwani husaidia kuondoa sumu ya sianidi iliyomo katika muhogo mchungu. Muhogo uliolowekwa kwa muda mfupi mno umehusishwa na konzo, maradhi yanayopooza miguu ghafla na bila kupona, ambayo yamewahi kuripotiwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Msumbiji na Tanzania.

Hata kule kuweka akiba ya jana kwa ajili ya leo kumechunguzwa katika muhogo. Utafiti kuhusu kivunde uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba muhogo ulioanzishwa kwa bakteria walioteuliwa wa aina ya Lactobacillus plantarum ulipoteza sumu haraka kuliko ule ulioachwa uchachuke wenyewe. Hata hivyo, chachu ya mkate haiwezi kuchukua nafasi ya kuloweka muhogo kwa muda wake kamili.

Kwa nini focaccia?

Jina la mkate huu limetokana na neno la Kilatini focus, lenye maana ya meko. Kabla ya kuwa mkate wa tanuri, ulikuwa mkate wa jikoni, uliookwa juu ya mawe ya moto na chini ya majivu. Leo unajulikana zaidi kwa jina la mji wa Genova, katika jimbo la Liguria, ambako huokwa kwa mafuta mengi ya zeituni na chumvi.

Sababu ya kuufaa mkate huu kwa mabaki ya chachu ni ya kitaalamu. Chachu iliyokaa muda mrefu ina asidi nyingi na hamira zilizochoka. Asidi ikizidi hulegeza gluteni, yaani nyuzi za protini zinazoushika unga na kuzuia hewa isitoroke. Mkate wa kusimama juu utaporomoka kwa udhaifu huo. Focaccia hulala bapa katika chombo chake, na kuta za chombo ndizo zinazoushikilia.

Vipimo na maandalizi

Kwa mkate mmoja wa kutosha watu wanne hadi sita, huhitajika chachu iliyobaki gramu 200, yaani kiasi cha siku mbili, ambacho hujaza kikombe kisichofika ukingoni. Huongezwa unga wa ngano gramu 400, takriban vikombe vitatu na robo. Maji mililita 275, zaidi kidogo ya kikombe kimoja. Chumvi vijiko viwili vya chai visivyojaa. Na mafuta vijiko vitano vya chakula, viwili vya kuchanganyia na vitatu vya kupaka chomboni.

Chachu hukorogwa katika maji hadi iyeyuke, kisha hutiwa unga, chumvi na mafuta. Donge litakuwa laini na lenye kunata. Halihitaji kukandwa kwa nguvu: hufunikwa, na kila baada ya nusu saa, mara tatu au nne, huvutwa pembe zake na kukunjwa katikati kwa mkono uliolowa maji.

Baada ya hapo huachwa liumuke. Katika joto la mwambao, saa nne hadi sita huweza kutosha, muda mfupi kuliko unaoelezwa katika mapishi ya nchi za baridi. Ishara ya kutazama ni donge lenyewe: liwe limeongezeka kwa nusu au zaidi, na lionyeshe mapovu. Ikiwa chachu imekaa siku nyingi, robo ya kijiko cha chai cha hamira ya dukani itasaidia kuumua, na chachu itabaki na kazi ya kutoa ladha.

Donge humiminwa katika chombo kilichopakwa mafuta mengi, likatandazwa taratibu, na kuachwa tena kwa saa moja au mbili. Mwishoni hutobolewa kwa ncha za vidole mpaka zihisi sakafu ya chombo. Vishimo hivyo si pambo tu: huzuia mkate usivimbe kama puto, na hushika mafuta.

Kuoka kwa makaa

Mwenye tanuri huoka kwa nyuzi joto 220 za Selsiasi kwa dakika 20 hadi 25. Asiye nalo anaweza kutumia njia inayofahamika kwa waokaji wa mkate wa kumimina katika pwani ya Afrika Mashariki: moto chini na moto juu.

Sufuria nzito huwekwa juu ya jiko la makaa, ambalo Burundi huitwa imbabura, na makaa yaliyokolea hupangwa juu ya mfuniko bapa wa bati au chuma. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kwani upande wa chini huungua upesi. Wengine hutandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa na kuweka chombo cha mkate juu yake, ili joto lisambae sawasawa. Mkate huchukua dakika 25 hadi 35, na huwa tayari unapogeuka rangi ya dhahabu na kutoa sauti ya uwazi ukigongwa.

Mawese na ndagala

Mafuta ya zeituni ni ghali, lakini ukanda wa Rumonge ndio kitovu cha mawese nchini Burundi. Mawese mekundu huupa mkate rangi ya machungwa na ladha nzito, na si kila mlaji atayapenda peke yake. Aidha, huanza kuganda yanapopoa, hivyo mkate wake huliwa vizuri zaidi ungali moto. Kuyachanganya nusu kwa nusu na mafuta ya alizeti hupunguza hali hizo mbili.

Juu ya mkate huweza kutandazwa vitunguu, nyanya, au ndagala waliokaushwa na kuoshwa mchanga. Hilo halipingani na asili yake: katika mji wa Sanremo, Liguria hiyohiyo, kuna mkate wa jamii ya focaccia uitwao sardenaira, unaookwa kwa nyanya na samaki wadogo wenye chumvi. Ndagala wa Tanganyika nao ni wa ukoo wa dagaa na sadini.

Muhogo pia waweza kutumika kupunguza ngano, lakini kwa kiasi. Hauna gluteni, kwa hiyo sehemu moja ya unga wake kwa tisa za ngano haitauharibu mkate. Ikizidi sana, mkate huwa mzito.

Chachu itupwe wakati gani?

Si kila kilichobaki kinafaa kuliwa. Chachu yenye madoa ya waridi, machungwa, kijani au meusi, au yenye harufu ya kuoza badala ya ukakasi, hutupwa yote, kwani kukwangua juu hakuondoi ukungu uliopenya ndani. Majimaji ya kijivu yasiyo na harufu mbaya si hatari. Ni dalili kwamba chachu ina njaa.

Unga mbichi huweza kubeba vimelea kama vile E. coli na salmonela, hivyo chachu haionjwi kabla ya kuokwa. Maji yawe salama tangu mwanzo: mwambao wa Tanganyika umekumbwa na kipindupindu mara kadhaa, na maji ya ziwa hufaa kuchemshwa na kupozwa kabla ya kutiwa katika chombo cha chachu.

Mwenye jokofu anaweza kukusanya mabaki kwa wiki moja. Asiye nalo asipitishe siku mbili, au aifanye chachu kuwa donge gumu kwa kuongeza unga, kwani donge gumu huchachuka polepole. Anayesafiri au anayetaka kupumzika kuoka anaweza kuipaka nyembamba juu ya sahani safi, kuikausha kivulini, kuivunja vipande na kuihifadhi katika chupa kavu. Ikirudishiwa maji na unga, huamka baada ya siku chache.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuweka chachu ndogo tangu awali. Gramu 10 zinazoongezewa gramu 10 za unga na 10 za maji huacha mabaki ya gramu 20 tu kwa siku. Siku moja kabla ya kuoka, huongezwa unga na maji hadi kufikia kiasi kinachotakiwa. Kwa hesabu hiyo, unga unaoondolewa katika siku 10 hushuka kutoka gramu 500 hadi gramu 100, nazo gramu 100 hizo zinatosha kuanzishia focaccia moja.