Pakiti Tatu za Unga
Mtoto mmoja wa Kizungu alikuwa na miaka kama kumi na miwili mamake alipompeleka Mai-a-Ihii, kule Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, kwa mwendesha baiskeli mmoja mwenye rasta aitwaye David Kinjah. Kinjah hakuwa na maabara. Alikuwa na nyumba ya mabati, spana, na vijana wa kijiji waliomfuata barabarani. Mwaka 2002 yeye mwenyewe alipata mkataba wa kulipwa katika timu ya Italia, lakini makazi yake ya ualimu yalibaki Kikuyu, na kundi lake, Safari Simbaz, likakua. Yule mtoto wa Kizungu, Chris Froome, alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Je, injini ya mwili wake ilitengenezwa Ulaya? Vipimo vinasema vingine. Mwaka 2007, kabla hajajulikana, Froome alipimwa Uswisi: aliweza kustahimili wati 420 kwa muda mrefu, akiwa na kilo 75.6. Alipopimwa tena London mwaka 2015, bingwa mara mbili, alitoa wati 419. Nguvu ile ile! Kilichobadilika ni mizani: kilo 69.9. Tofauti hiyo ya kilo 5.7 ni karibu pakiti tatu za unga wa ugali. Kwenye tambarare adui ni upepo, na unga huo haumsumbui mtu sana. Mlimani adui ni uzito, na kila kilo lazima ipandishwe mita kwa mita. Kwa hesabu yangu ya haraka, mpando wa dakika arobaini unapungua kwa dakika mbili na zaidi. Wapo walioshinda Tour kwa pengo dogo kuliko hilo.

Basi mapafu na moyo vilikuwa tayari mwaka 2007. Kikuyu iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa. Figo zikihisi oksijeni imepungua hutoa homoni ya erithropoietini, nayo huamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu. Tena, ukishuka kutoka Kikuyu kuelekea Bonde la Ufa, hakuna njia ya kurudi nyumbani isipokuwa kupanda. Lakini nisiupe mlima sifa zote: Froome alisoma Afrika Kusini pia, na wako maelfu waliozaliwa kwenye mwinuko huo huo ambao hawakufika popote kwa baiskeli. Urithi wa wazazi una sehemu yake, na aliyekuamsha alfajiri ukafanye mazoezi ana yake.

Afrika ilimpa pia kitu kingine. Mwishoni mwa 2010 aligunduliwa ana kichocho. Minyoo wa ugonjwa huo hukaa ndani ya mishipa ya damu na kula chembe nyekundu, zile zile ambazo mwinuko huziongeza. Baada ya matibabu, mwaka 2011, akang'ara kwenye mbio za Hispania.

Mwaka 2006, Melbourne, mwalimu na mwanafunzi walivaa jezi moja ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mashine ya Uswisi ilikuwa bado mwaka mmoja mbele. Kinjah alikuwa ameshamwona mlimani.