Hesabu Mapengo Kabla ya Kununua Kasha

Mwezi wa saba, upepo mkavu wa Dodoma ukiwa umekolea, mwalimu mmoja kutoka Kondoa aliingia ofisini kwangu na kasha jembamba la alumini mkononi. Ndani yake mlikuwa na SSD iliyotolewa kwenye laptopu yake iliyoharibika ubao mama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Wameniambia na diski nayo imekufa."

Alikuwa amelichomeka kasha lile kwenye kompyuta tatu. Taa iliwaka kote, lakini hakuna kompyuta iliyoonyesha faili hata moja. Humo ndimo yalimokuwa maazimio ya kazi na maandalio ya masomo ya miaka sita, pamoja na rasimu ya tasnifu yake. Nilifungua kasha, nikaitoa diski, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na mapengo mawili. Kabla sijawasha kompyuta yoyote, nilikuwa karibu na hakika kwamba diski ni nzima.

Madukani diski hizi huitwa M.2 tu, kana kwamba jina hilo limemaliza habari. Halijamaliza, kwa sababu M.2 ni jina la umbo. Namba 2280 kwenye lebo inamaanisha upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. 2242 ni mdogo wake, mwenye milimita 42. Kwa hiyo kasha lazima liwe na tundu la skrubu kwa urefu wa diski yako. Hilo ni la rula tu, na muuzaji yeyote atakusaidia. Gumu ni lugha. Diski mbili zenye umbo lilelile zinaweza kuzungumza lugha mbili tofauti: SATA, iliyorithiwa kutoka kwa diski za zamani zenye sahani za kuzunguka, na NVMe, inayopita kwenye njia ya kasi iitwayo PCIe.

Aliyewahi kufika minadani huko Chemba atanielewa haraka. Mgogo na Msandawe wanauziana mbuzi bila shida, lakini Kigogo ni lugha ya Kibantu, na Kisandawe, chenye sauti zake za kualisha ulimi, hakina undugu nacho. Kinachowakutanisha ni Kiswahili. Ndani ya kasha mna chipu inayofanya kazi hiyohiyo: inasikiliza diski upande mmoja na kuongea USB upande wa pili. Tatizo ni kwamba chipu nyingi zinajua lugha moja tu ya diski. JMS578 ya JMicron inajua SATA. JMS583, ya kampuni hiyohiyo, inajua NVMe. RTL9210B ya Realtek inazijua zote mbili, na mtu asiye na hakika ya diski aliyonayo ningemshauri aongeze hela kidogo anunue kasha lenye chipu ya namna hiyo.

Sasa mapengo. Kwenye ncha ya diski kuna meno ya rangi ya dhahabu, na kati ya meno hayo kuna pengo moja au mawili. Pengo moja, lililo karibu na ukingo wenye meno machache, kwa kawaida ni NVMe. Mapengo mawili, mara nyingi ni SATA. Nasema mara nyingi kwa sababu zipo NVMe chache zenye mapengo mawili, kwa hiyo hesabu kwanza, halafu soma lebo. Diski yenye pengo moja haiingii kwenye kasha la SATA, na anayeilazimisha atavunja soketi. Lakini SATA yenye mapengo mawili inaingia kwenye kasha la NVMe bila ubishi wowote. Skrubu inakaza, taa inawaka, kisha kimya. Hapo ndipo diski nyingi nzima hutangaziwa msiba.

Laptopu za zamani kidogo hazina shida hii. SSD zao ni za inchi 2.5, kwa kawaida unene wake ni milimita 7, zote SATA, na mara nyingi kasha lake halihitaji hata bisibisi. Wenye MacBook Air za kuanzia 2013 hadi 2017 wajue kwamba Apple iliweka meno yake yenyewe. Kasha la M.2 halitaifaa diski hiyo bila adapta.

Jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalisemi, au hulitaja kwa maneno matatu, ni umeme tuli. Aliyezoea kufanya kazi hizi Dar es Salaam, ambako hewa ya bahari ina unyevu, hajui kisirani cha uwanda huu. Kuanzia Mei hadi Novemba hapa hatuoni mvua ya maana. Usiku ukivua sweta unasikia linavyotatarika, na gizani unaona cheche. Hewa yenye unyevu hupunguza chaji mwilini polepole bila wewe kujua. Hewa kavu huiacha ikae hadi uguse kitu. Binadamu hausikii mrusho ulio chini ya volti 3,000 hivi, ilhali chipu inaweza kuumizwa na volti mia kadhaa. Usifungulie kazi hii kitandani juu ya blanketi. Kaa mezani, vua sweta mapema, na kabla ya kushika diski gusa chuma tupu cha kompyuta ya mezani iliyochomekwa kwenye soketi yenye waya wa ardhini. Diski ishike kingoni, meno yake usiyaguse.

Ingiza diski kwa mshazari, kama nyuzi 30, isukume hadi meno yazame, ndipo uilaze na kuikaza. Ukikuta kibandiko laini cha kupitisha joto, bandua nailoni yake kwanza. Nimeshafungua makasha yanayounguza mkono, kumbe nailoni ingalipo.

Kuhusu kasi, usidanganywe na namba za diski. NVMe inayofikisha megabaiti 3,500 kwa sekunde ndani ya laptopu, kwenye kasha la USB la gigabiti 10 itaishia kama 1,000. Mharibifu mkubwa zaidi ni waya. Waya wa Type-C uliokuja na chaja ya simu mara nyingi umefungwa kwa USB 2.0, na huo hupitisha megabaiti 40 hivi kwa sekunde. Gigabaiti 100 zitachukua dakika 40 na ushee. Kwa waya uliokuja na kasha, hata SATA huzimaliza kwa dakika nne.

Mwisho, kompyuta inaweza kukuuliza kama unataka kuifomati diski. Kama ni mpya, kubali, na uchague exFAT ikiwa itatumika kwenye Windows na Mac pia. Kama ina kazi za mtu, kataa. Laptopu nyingi za Windows hufunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, na dawa yake ni namba ya tarakimu 48, ambayo mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft.

Diski ya mwalimu haikuwa imefungwa. Niliihamishia kwenye kasha langu la lugha mbili, faili zikafunguka, akaanza kuzisoma moja moja kwa sauti ya chini, azimio la kidato cha pili, la kidato cha tatu, hadi akaiona tasnifu. Aliondoka na kasha langu akaniachia lake. Lipo kwenye droo, zima kabisa, linasubiri diski yenye pengo moja.