Mgonjwa wa moyo safarini: Chupa ya virutubisho au sahani?

KAYABO, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, huondoka soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza kwa marobota kwenda Congo. Ni biashara nzuri. Lakini kwa mfanyabiashara ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, kitoweo hicho hicho kinaweza kumlaza hospitali.

Wagonjwa wa namna hiyo si wazee wa kukaa barazani. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa 2012, ulihusisha wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu. Huo ni umri wa mtu ambaye bado anavuka Busia, Rusumo au Tunduma na mzigo wake.

Miguu ikivimba na pumzi ikikata, mara nyingi hukutana na muuza virutubisho kabla hajamwona daktari. Chupa moja inayosifiwa ni ya koenzaimu Q10, na hoja yake si ya kipuuzi. Mwili wenyewe huitengeneza ili seli zizalishe nguvu, na moyo uliochoka huwa na upungufu wake. Katika jaribio la Q-SYMBIO la 2014, wagonjwa 420 waligawanywa makundi mawili, moja likapewa miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miaka miwili. Waliopata madhara makubwa ya moyo, kikiwamo kifo, walikuwa asilimia 15, dhidi ya 26 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Muuzaji huishia hapo. Hasemi kwamba kidonge hicho kiliongezwa juu ya dawa za kawaida za moyo, wala kwamba wagonjwa 420 ni wachache. Anayeacha enalapril na carvedilol ili apate fedha ya chupa anafanya jambo ambalo jaribio hilo halikulipima.

Sahani nayo isipewe sifa isizostahili. Jaribio la SODIUM-HF la 2022, lenye wagonjwa 806 katika nchi sita, lilibana sana chumvi. Vifo na kulazwa havikupungua kwa kiwango cha kutegemewa, ingawa wagonjwa walijisikia nafuu kidogo. Ila wale walikuwa tayari wanakula takriban gramu sita tu za chumvi kwa siku. Anayekula kayabo, mchuzi wa vidonge vya supu na chipsi za stendi yuko mbali na hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu tano. Kayabo aloweshwe na maji yabadilishwe mara kadhaa. Hata hivyo, dagaa wasiotiwa chumvi ni salama zaidi.

Chumvi mbadala yenye potasiamu ni mtego mwingine. Ikichanganyika na spironolactone au enalapril, potasiamu inaweza kupanda hadi moyo ukasimama.

Kinachowaponza wengi, hata hivyo, ni basi. Dawa ya maji, furosemide, humpeleka mtu msalani kila mara, hivyo siku ya safari huachwa. Safari zikiwa tatu kwa wiki, maji hujaa mwilini na hakuna kirutubisho kitakachoyatoa. Daktari anaweza kumpangia saa nyingine ya kumeza, mathalani baada ya kufika. Dawa hiyo pia huondoa vitamini B1 kwa njia ya mkojo; maharage, karanga na nafaka zisizokobolewa huirudisha kwa bei ya sokoni.

Kipimo cha kwanza cha hatari wafanyabiashara wanacho ghalani: mizani ya magunia. Mgonjwa apande kila asubuhi kabla ya chai, aandike. Uzito ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si unene, na kituo cha afya kilicho karibu, upande wowote wa mpaka, ndiko pa kwenda siku hiyo hiyo, akiwa na dawa zake na cheti chake mkononi.